Lango la Mnara

Ndeshi alikuwa amemtembeza mama yake chuo kizima, kuanzia bwenini hadi maktaba. Walipofika kwenye lango la mnara wa saa, Ndeshi akachepuka ili auzunguke ukuta wa mnara.

"Mwanafunzi akipita hapo kabla ya kuhitimu, hamalizi chuo," alisema. "Lakini wewe si mwanafunzi, mama. Pita tu, tutakutana upande wa pili."

Mama yake alibaki akilitazama lango. Katika chuo hiki hiki ndipo alipoacha masomo, mimba ya Ndeshi ilipoanza kuonekana.

Ndeshi alikuwa ameshafika mbali kidogo aliposikia kokoto zikilia nyuma yake. Akageuka. Mama alikuwa anakuja peku, viatu vya mchuchumio mkononi.

"Si nimekwambia upite?"

"Nimekusikia," alisema mama, akampita, akaendelea kuzunguka.