Kisibiti cha Maziwa

"Fungua mkono," askari Osire aliamuru pale kwenye kizuizi cha njia.

Etyang akafungua. Mbegu za kahawia, nyembamba, zimepinda kama mwezi mchanga. Osire akanusa.

"Kisibiti! Wewe, umekuwa Mhindi? Unapika pilau?"

"Ya maziwa hii. Nakwenda chemsha, mama anakunywa, titi linajaa. Mhindi wa duka kasema hata kwao ni hivyo."

"Kumbe titi bado kavu? Na ng'ombe?"

"Ng'ombe wangu si mmemchukua na karantini yenu? Mtoto anaishi kwa uji mwepesi, nao anautapika. Na huyo mtoto alizaliwa hapa hapa, miguuni pako. Umesahau?"

Osire hakusahau. Siku ile machela ililazwa vumbini, hospitali ya misheni inaonekana pale ng'ambo, na mti wa kizuizi umefungwa. Ufunguo alikuwa nao Bwana Mkubwa, naye alikuwa anakunywa chai. Chai ya mkubwa haikatizwi kwa uchungu wa mke wa mtu.

"Pita, ndugu yangu," Osire alisema, akitazama chini.

Nyumbani Etyang aliwasha moto mwenyewe. Mbegu zilipochemka akazichuja, akaenda hadi mlangoni, akakohoa. Akaweka kikombe kizingitini, akageuza mgongo. Ndani mtoto alikuwa analia kwa sauti iliyokwisha nguvu, kama paka aliyenyeshewa.

Mkono ukatoka, ukachukua kikombe.

"Anavuta, mama?"

"Anavuta, lakini hakuna kitu. Ananiuma tu."

"Kunywa yote. Usimnyime, mwache avute."

"Na wewe kula, baba. Umebaki mifupa. Ukianguka wewe, huyu atabaki na nani?"

Kilio kikakatika ghafla. Kimya. Etyang akashika ukuta.

Halafu akasikia: mtoto anameza. Anameza tena, kwa pupa, anakohoa, anarudia.

"Baba!" Sauti ya ndani ilikuwa inatetemeka. "Yameshuka! Njoo uon... hapana, usije! Lakini yameshuka!"

Machozi yalimtoka Etyang. Alitamani kugeuka aone, japo mara moja. Hakugeuka. Mwanamume hatazami kifua cha mama mkwe wake.

Akabaki anatazama udongo mbichi wa kaburi la mkewe pale uani. Titi lile la Bibi Nasirumbi, wa mwisho kulinyonya alikuwa binti yake, Norah.