Ugonjwa wa Ijumaa

Ijumaa, saa tisa kasoro dakika moja, Orysia Melnychuk alijipaka rangi ya mdomo, akatazama kushoto na kulia, kisha akabonyeza kitufe.

Alikuwa na njia yake ya kuuangusha mfumo. Aliiomba hifadhidata ya ushirika imletee oda za mbegu za wakulima wote wa jimbo la Manitoba, tangu ushirika ulipoanza, zikiwa zimepangwa kwa majina. Ilikuwa sawa na kumtuma mtu mmoja amwage ghala zima la ngano na kupanga punje kwa ukubwa. Muda si muda, kwenye kila kioo cha kompyuta ofisini, kiduara kikaanza kuzunguka.

"Imekwama tena," akasema Tammy wa meza ya jirani. "Hii mashine ina ugonjwa wa Ijumaa. Na wewe shoga, mbona unanukia hivyo? Unaenda harusini?"

"Ni sabuni tu."

"Sabuni gani hiyo? Nitajie nami nikanunue."

Orysia akainua simu kumwita Wendell Thorlakson, mtunza mifumo, ghorofa ya tatu. Kabla hajamaliza kubonyeza namba, Wendell alikuwa mlangoni: mrefu, mvi zimechanwa kwa maji, mfukoni bisibisi ambayo hakuna aliyewahi kuiona ikifanya kazi. Mkononi alishika sahani ya vinarterta, keki ya tabaka za plamu aliyofundishwa na mama yake kule Gimli. Vipande viwili, vimekwisha katwa.

"Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Amezimia, Bwana Wendell."

"Basi tukae naye. Mgonjwa haachwi peke yake."

Akavuta kiti. Akabonyeza hiki na kile, huku Orysia akifungua kopo lake la perogi, vitumbua vya kuchemsha vilivyojazwa viazi. Walikula, wakazungumza habari za theluji, za magoti, za watoto waliohamia Calgary na kusahau kupiga simu. Orysia alikuwa mjane, na nyumba yake ilikuwa kimya kiasi kwamba jokofu likinguruma alihisi kama amepata mgeni. Siku nyingine zote za wiki alizipita kama mtu anayevuka barabara. Ijumaa ndiyo aliyoishi.

Keki ilipoisha, mfumo ulipata nafuu. Ilikuwa hivyo kila wiki. Mara moja tu, Wendell alipolala na mafua, Orysia aliomba oda zile zile mara tatu mfululizo na mfumo ukaenda mbio kama kawaida. Alidhani hata mashine ina huruma kwa mgonjwa.

Jumatatu iliyofuata, mkuu wa ofisi, Bi Darlene Pruden, aliwaita wote kwenye chumba cha mikutano. Kulikuwa na sanduku la donati mezani, na yeye mwenyewe alikuwa karibu kucheza kwa furaha.

"Jamani, nimechoshwa na kile kiduara. Mwezi mmoja uliopita niliweka chombo cha kupima afya ya hifadhidata. Nilikiweka kimya kimya. Hata wewe sikukwambia, Wendell, usininunie. Kila dakika kinaupima mfumo chenyewe, mapigo na pumzi. Kikiona ugonjwa, kinaandika jina la ugonjwa na la aliyeuleta. Na kuanzia leo kitautibu chenyewe. Hutashuka ngazi tena, Wendell. Pumzisha magoti."

Watu wakapiga makofi. Wendell, aliyesimama nyuma, akatazama viatu vyake.

"Na huyo aliyeuleta?" Tammy akauliza, donati mdomoni.

"Ghala letu la Dauphin linataka mtu wa kuhesabu magunia mpaka theluji iyeyuke. Sasa hivi tutayafungua majibu, na huyo ndiye atakayekwenda."

Orysia akairudisha donati yake sandukuni. Ijumaa zake zilikuwa zimekwisha, na sasa angepelekwa mji usio na Wendell hata kwa kupishana naye kwenye ngazi. Akawaza kwamba aibu ikitoka kwenye kinywa chako mwenyewe walau inatoka imevaa nguo. Akasimama.

"Ni mimi, Bi Darlene."

Donati ya Tammy ikaanguka.

"Kila Ijumaa naomba oda zote za tangu mwanzo. Nafanya makusudi."

"Makusudi kwa nini?"

Orysia alidhani amekwisha vuka umri wa kuona haya. Masikio yake, yaliyowaka moto, yakamkatalia. "Kwa sababu ya keki," akasema.

"Keki, eti," Tammy akanong'ona, akajiziba mdomo, lakini kicheko kilikuwa kimekwisha toka na kuzunguka meza nzima.

Bi Darlene hakucheka. Alikuwa amegeukia kompyuta yake, akipekua majibu ya chombo, kipaji cha uso kimekunjamana.

"Orysia, keti. Ombi lako nimeliona, hili hapa. Chombo kimeliwekea alama ya kijani. Linakwisha kabla hujapepesa jicho. Mama, mfumo haujawahi hata kukuhisi."

Kisha akabonyeza, na maandishi makubwa mekundu yakatokea ukutani, mbele ya wote:

*Chanzo: kunakili mfumo mzima, kazi iliyopangiwa usiku, lakini ikaanzishwa kwa mkono mchana, kila Ijumaa, saa tisa kasoro dakika mbili. Mwanzishaji: W. Thorlakson.*

Kule nyuma, bisibisi ilianguka sakafuni.

Orysia aliyatazama yale maandishi mekundu, akayasoma tena tangu mwanzo, polepole, kisha akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Bi Darlene, huko Dauphin wanahitaji watu wangapi?"