Mwonjaji wa Samuye

Pantaleo alitafuna kitunguu kibichi mpaka kikaisha. Hakuna kitu. Akalamba chumvi. Hakuna. Ilikuwa wiki ya tatu tangu ile homa imwachie mwili na kuondoka na ulimi wake, na pua yake pia.

Mtu mwingine angenung'unika kidogo na maisha yakaendelea. Lakini Pantaleo alikuwa mwonjaji wa klabu ya pombe pale Samuye. Kila Jumamosi, kabla pombe haijauzwa, aliingia peke yake nyumbani kwa mama aliyepika, akanywa kibuyu kizima, kisha akatoka na neno moja: imeiva, au mwageni. Neno lake halikupingwa. Tangu mkewe afariki, ni kazi hiyo tu iliyofanya watu wamwamkie kwa heshima. Angeipoteza, angebaki mzee wa kufukuza kuku kwenye mtama.

Wiki mbili alidanganya salama. Pombe ya mtama aliijua kwa macho, povu lake na uzito wake kibuyuni. Ila leo alikuwa amepika Nyamizi, naye Nyamizi, mwanamke asiyejua kukaa kimya, alikuwa amekitangazia kijiji kizima kwamba analeta pombe mpya, uwele kwa asali, ambayo Samuye haijapata kuiona. Sasa jamani, utaisemaje pombe usiyowahi kuiona wala huwezi kuionja?

Na Donatus, kijana wa palepale klabuni, alishaanza maneno. Alikitaka kiti cha mwonjaji kwa udi na uvumba.

"Shikamoo mzee," alimwambia jana yake, kicheko kikiwa kimembana. "Siku hizi naona unasifia kila kitu. Kesho nitakaa mlangoni kabisa, nikuone uso unavyokunywa."

"Marahaba. Njoo na kigoda, usije ukachoka," Pantaleo alijibu.

Usiku kucha hakulala. Alijiona mnyonge, hana wa kumwambia. Mwishowe akaamua jambo moja: atawahi, anywe kabla macho ya watu hayajafika.

Asubuhi alipiga hodi kwa Nyamizi mara tatu. Kimya. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Akaingia.

Ndani kulikuwa na kiza. Kwenye kona aliona debe limefunikwa ungo. Akafunua. Weupe mtupu, kama maziwa yaliyotiwa maji. Kumbe asali ndivyo inavyoifanya! Akachovya kibuyu chake, akafumba macho, akanywa mpaka tone la mwisho kama desturi inavyotaka. Ulimi haukusema lolote. Koo tu ndilo lililowaka. Akamshukuru Mungu hata kwa hilo, maana angalau amepata la kusema.

Alikaa mle ndani kidogo, akiyapanga maneno. Alipotoka, watu walikuwa wamejaa uani, Donatus mbele.

"Umechelewa, kijana," Pantaleo alimwambia. "Nimeshaonja."

"Aa, mzee! Bila shahidi?"

"Tangu lini mwonjaji akataka shahidi?" Akainua kibuyu kitupu, watu wote wakione. "Imeiva! Inawaka kooni, halafu asali inakuja nyuma taratibu. Miaka yote niliyoonja, sijakutana na pombe kama hii!"

Loo, vigelegele! Wanawake walipiga makofi, wanaume wakaanza kugombea nafasi kwenye magogo. Donatus alirudi nyuma ya watu. Pantaleo alitaka kulia kwa furaha. Jasho lilikuwa linamtiririka na magoti yanamtetemeka, akajua ni hofu inamtoka. Kiti kilikuwa bado chake.

Ndipo Nyamizi akatokea njiani, mtungi kichwani, anahema.

"Mnashangilia nini, na pombe yenyewe ndiyo kwanza naileta?" aliuliza akicheka. Alipomwona Pantaleo mlangoni pake, akapiga goti kidogo, mtungi ukiwa palepale kichwani. "Shikamoo baba. Nisamehe nimechelewa, niliilaza kwa jirani. Humu kwangu ningeiweka wapi, na mume wangu kachanganya debe zima la dawa ya kuulia wadudu wa pamba?"