Mweka Hazina wa Timu ya Watoto

Kindi alikuwa mweka hazina wa timu ya mpira ya watoto wa bondeni. Klabu kubwa ya Nyati ilimwahidi kazi ikiwa timu hiyo ingemaliza msimu na akiba. Akapiga hesabu, akaona watoto wazito wanakula uji wa mazoezi na hawafungi. Akawaondoa.

Mama Kobe akaja kumwona. "Mwanangu kakosa nini?"

"Mama, hajawahi kufunga hata goli moja."

"Na mimi sijawahi kuja kuangalia goli," akasema, akaondoka.

Jumamosi timu ilishinda saba bila. Lakini hakuna aliyelipa kiingilio, kwani waliozoea kulipa hawakuja. Mama Kobe, Mzee Kiboko na ukoo mzima wa Konokono walikuwa nyumbani na watoto wao. Ikawa hivyo hadi msimu ukaisha bila akiba, na Nyati wakamwajiri Nguchiro badala yake. Kindi akabaki na kazi ya bondeni tu, nayo wazazi walikuwa wakutane kesho yake kuijadili.

Akaenda kwa Mama Kobe. "Naomba mwanao arudi uwanjani msimu ujao."

"Unamrudisha kwa ajili yake, au kwa ajili ya kiingilio?"

Kindi akatazama chini. "Kiingilio, mama."

Mama Kobe akacheka mpaka gamba likatikisika. "Afadhali wewe hujui kudanganya. Kesho nitawaambia uendelee kutushikia hela zetu. Ila nani acheze, hilo mwachie kocha."