Puto la Kindi

Zamani, wanyama walipoanza kutamani kuruka, Kindi mpenda sifa alishona puto kubwa, akalijaza hewa nyepesi, akapanda kikapuni.

"Mume wangu, usiikate kamba inayolishikilia puto," mkewe alimsihi.

"Juu zaidi!" wanyama wakapiga kelele.

Kindi akaikata. Puto likapaa hadi kwenye baridi kali. Vidole vyake vikafa ganzi, akashindwa kuvuta uzi wa kupunguza hewa. Akaanza kupunga mikono akiomba msaada.

"Anatusalimia!" wanyama wakashangilia, wakapiga makofi na kumpungia.

Mkewe peke yake alilikimbilia puto akilia, mpaka likapotea mawinguni.

Kesho yake walimkuta bondeni, amekufa.

"Mbona hakutuambia?" Nyani akauliza.

"Aliwaambia," mjane akajibu. "Ninyi mkampigia makofi."