Kisima cha Abdillahi

Chupa iligonga ukuta wa kisima, na Shekha akashtuka kana kwamba aliyegongwa ni mtu.

"Taratibu, mwanangu," alimwambia bwana afya.

Athman akaituliza kamba. Alikuwa ameifunga chupa pamoja na jiwe la kuizamisha, maana maji ya kupimwa hayachotwi kwa ndoo. Ndoo ina uchafu wake. Chupa yenyewe ilichemshwa hospitalini Malindi, na kizibo chake hakikuguswa na mkono hadi saa ile. Ilipopanda imejaa, aliiziba, akaizungushia uzi mwekundu shingoni. Nyingine, aliyoijaza kwenye tangi la madrasa, ilikuwa na uzi mweupe. Karatasi hazifai, alieleza; zinaloa kwenye barafu na wino unatoka. Huko Mombasa wapimaji wanatazama uzi tu.

Kipindupindu kilikuwa kimepita Mambrui mwaka ule, 1983, kikaacha makaburi mabichi. Serikali ilitia dawa kisimani na tangini. Sasa ilitaka kujua kama dawa imefanya kazi.

"Na kama haikufanya?"

"Tangi litasuguliwa, lijazwe tena, mama. Kisima hakisuguliki. Kisima kitafukiwa."

Shekha akaushika ukingo wa kisima. Abdillahi, mwanawe wa pekee, alikuwa baharia. Alifia ndani ya tangi la chini la meli, lile linalojazwa maji ya bahari ili meli isiyumbe ikikosa shehena. Alitumwa kulisafisha. Hewa ya mle ilikuwa imekufa, naye akafa nayo. Wakamzika baharini, na mama hakupata hata kaburi la kulilia. Basi akauza bangili zake, akachimbisha kisima hiki kiwe sadaka ya mwanawe: kila anywaye, thawabu zimfikie Abdillahi huko aliko. Jioni aliketi barazani akiwatazama watu wakichota, na kwake ilikuwa kama kumwona mwanawe akilishwa.

Adhana ya adhuhuri ikasikika. Athman akaomba kuacha kikasha chake cha barafu barazani, penye kivuli. Aliporudi kutoka msikitini alimkuta Shekha ameketi kando ya kikasha, akiipangusa mikono kwa leso, macho mekundu. Akamwombea heri, akapakia kikasha garini, akaenda zake.

Siku ya majibu alikuja na lori la mawe. Hakuhitaji kusema neno. Alisema hata hivyo, macho chini: chupa ya uzi mwekundu ilijaa vijidudu.

Majirani walingoja mayowe. Shekha hakupiga. Aliketi tu, akauliza kwa sauti ndogo kama hakuna dawa nyingine inayoweza kutiwa. Athman akajibu kwamba amri imeshatoka.

"Dawa tuliingoja mpaka tukazika," alisema Seif, jirani yake, bila kupunguza sauti. "Mawe yamefika asubuhi na mapema."

Jiwe la kwanza lilitoa sauti ya maji. Ya mwisho yalitoa sauti ya mawe. Shekha aliyasikiliza yote bila kupepesa, kama mtu anayesomewa hukumu aliyokwisha kuijua.

Kazi ilipokwisha, Athman akachutama mbele yake. Hakuwa na moyo wa kuondoka hivi hivi.

"Nisamehe, mama. Lakini lipo la kushukuru. Tangi la madrasa ni safi kabisa. Mjukuu wako na wenzake wanywe bila hofu."

Shekha akainua uso. "Chupa ya uzi mweupe?"

"Hiyo hiyo."

Akasimama. Hakuelekea kisimani. Alikimbia, mwanamke wa umri ule, leso ikimdondoka mabegani, akapita katikati ya wapakuaji wa mawe hadi uani mwa madrasa, ambako watoto walikuwa wamelizunguka bomba la tangi. Mastura, binti wa Abdillahi, alikuwa na kikombe mdomoni. Shekha akakipiga, kikaruka, kikabiringika mchangani.

Watoto wakaganda. Nyuma, watu waliokuwa wakimfuata walinong'onezana kwamba maskini, msiba umempanda kichwani.

Shekha alikuwa amepiga magoti, amekishika kidevu cha mtoto, akikipangusa kwa kiganja, akikipangusa tena.

"Umekunywa?"

"Ndiyo, bibi."

"Leo tu?"

"Kila siku, bibi," alisema Mastura, akianza kulia bila kujua kosa lake.

Athman akafika akihema. Akamwinamia, akamuuliza kwa upole ana nini.

"Nyuzi," alisema Shekha, bila kumwachia mtoto. "Nilidhani chupa zote mbili zimekutwa chafu. Ulipokwenda kusali, nilizibadilisha nyuzi."