Mgeni Asiye na Mikono

Zamani, wanyama walipokuwa hawajajua kumkatalia mtu hodi, Buibui alikuwa fundi mwenye mikono minane na moyo laini. Ila akisikia wimbo wa kazi, mikono yake huufuata tu.

Siku moja upepo ulimleta Kidudu mlangoni. Alikuwa koti lenye wimbo ndani, basi. Hakuwa na mikono wala tumbo. Buibui alimwonea huruma, akamkaribisha.

Kidudu akajichomoa ndani ya koti, akaimba, "Shona koti kama langu, tia ndani wimbo wangu."

Buibui akashona. Kila koti lililokamilika likaanza nalo kuimba. Siku ya tatu nyumba ilijaa makoti, uzi wa kutegea nzi ulikuwa unakwisha, na wanawe walilia njaa.

"Mgeni, leo siku ya tatu," Buibui alisema kwa kuchoka. "Shika jembe."

"Kwa mikono ipi, dada? Mwenye mikono ni wewe. Shona."

Buibui akamtazama. Kumbe siku zote hizo anaamriwa na asiyeweza hata kutunga uzi kwenye sindano. Akaikunja mikono yote minane, akaikalia.

"Haya, imbeni."

Waliimba mpaka wakapwelewa sauti. Hakuna kilichoshonwa. Kidudu, uchi bila koti, akanyauka, na makoti yake yakafagiwa nje. Ndipo Buibui akawatandia wanawe mtego wa nzi.

Hata leo ukimgusa, hukunja mikono akanyamaza. Anasubiri kwanza ajue anayeimba ni nani.